Buli Lililobaki Bila Kifuniko

Jumamosi iliyopita niliangusha kifuniko cha buli langu la chai. Wala hakikuanguka kutoka juu. Nilikuwa nakisuuza, kikaniponyoka, kikagonga ukingo wa sinki na kupasuka vipande viwili, pamoja na kichembe kimoja ambacho sijakiona hadi leo. Buli lenyewe lilibaki zima. Nilifunga bomba, nikavipanga vile vipande juu ya kitambaa, nikaketi. Siku ile sikunywa chai kabisa.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Nagoya, na buli hilo nimekuwa nalo miaka mitano. Wajapani huliita kyusu. Ni dogo, linaenea kwenye viganja viwili. Hubeba mililita 280, nami huwa silijazi. Rangi yake ni nyekundu ya tofali lililoiva. Mpini wake haukai nyuma, mkabala na mdomo, bali unatoka ubavuni, mfupi na wenye uwazi ndani, kama mpini wa sufuria. Ukilishika kwa mkono wa kulia, kidole gumba kinafika juu ya kifuniko bila kunyooshwa. Kinachozunguka ni kifundo cha mkono tu, na chai inamiminika. Wanaotumia mkono wa kushoto hutengenezewa ya kwao, mpini ukiwa ubavu wa pili.

Kabla sijalipata nilikuwa naiua chai. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilinunua pakiti ya gramu 100 ya sencha, ile chai ya kijani ambayo Wajapani wengi huinywa kila siku. Nikatia vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe, nikamwagia maji yanayotokota, nikaacha iive kama nilivyozoea kuivisha chai tangu utotoni. Ilitoka chungu kama dawa, na ukakasi wake ulibaki ulimini hadi nilipofika kituo cha treni. Nikahitimisha kwamba watu wa huku wanapenda uchungu. Pakiti ikakaa kabatini.

Aliyenitoa gizani ni bibi mmoja aliyekuwa akiishi chini ya ghorofa yangu, mzaliwa wa mkoa wa Shizuoka. Nilimwita Obaasan, kama vijana wa hapa wanavyowaita bibi zao. Siku moja nilimsaidia kupandisha magunia mawili ya mchele, akanikaribisha ndani. Maji yalipochemka, aliyamimina kwenye vikombe vitatu vitupu. Nilidhani anavipasha joto. Akasubiri. Akavishika kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kisha akayamimina maji yale ndani ya buli lenye majani, akafunika na kukunja mikono mapajani. Hatukuongea kwa karibu dakika nzima. Aliponipa kikombe, rangi ilikuwa ya kijani iliyoelekea njano, na ladha yake sikuweza kuipa jina. Ilikuwa na utamu usio wa sukari, kama mchuzi mwepesi uliopikwa kwa mwani, na nyuma yake uchungu mdogo uliopita kama mtu anayepiga hodi na kuondoka.

Nikamuuliza ni chai gani. Akanionyesha pakiti. Ilikuwa ileile yangu, ya duka lilelile la pale mtaani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kwa nini. Jibu limo ndani ya jani. Uchungu na ukakasi wa chai hutokana na kafeini na katekini, na vyote viwili hutoka kwa wingi maji yanapokuwa ya moto sana. Ule utamu wa mchuzi hutokana zaidi na thianini, ambayo huyeyuka vizuri hata kwenye maji ya vuguvugu. Kwa hiyo maji ya nyuzi 70 yanachukua utamu na kuacha sehemu kubwa ya uchungu ndani ya jani. Yanayotokota yanachukua vyote kwa pamoja, na kilicho kikali kinafunika kilicho laini. Pakiti yangu haikuwa na kosa lolote.

Thianini yenyewe ina kisa chake. Hutengenezwa mizizini, hupanda hadi majanini, na jua likiipiga hugeuzwa kuwa katekini. Wakulima walijua namna ya kuizuia kabla ya mtu yeyote kujua jina lake: hufunika mashamba. Gyokuro, chai iliyoanza kutengenezwa mwaka 1835, hutoka kwenye michai iliyotiliwa kivuli kwa siku 20 hivi kabla ya kuchumwa. Na ni ndani ya gyokuro ndimo wanasayansi wa Kijapani walimoigundua thianini mwaka 1949. Obaasan alinipikia gyokuro mara moja tu, siku ya kuzaliwa kwake, kwa maji ya nyuzi 50 na vikombe vidogo kama vya mtoto kuchezea. Kikombe kizima kilikuwa mafunda matatu. Majani yaliyobaki tuliyala kwa matone ya mchuzi wa soya, laini kama mchicha mchanga.

Lakini nilitaka kuongea kuhusu buli, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Sencha ina umri mdogo kuliko nilivyofikiri. Mwaka 1738, mkulima aitwaye Nagatani Soen wa Ujitawara, karibu na Kyoto, alikamilisha njia ya kuyapiga majani mabichi kwa mvuke, kuyasokota kwa mikono huku yakikauka, na kuyafanya yawe kama sindano za kijani. Mvuke huo unaulinda ukijani, kwa sababu unasimamisha mageuzi yanayolifanya jani liwe la kahawia. Chai ya watu wa kawaida kabla yake ilikuwa ya kahawia, ya kuchemshwa. Soen alibeba chai yake hadi Edo, ambayo leo ni Tokyo, akampata mfanyabiashara aliyekubali kuiuza, Yamamoto Kahei. Sasa, jani la namna hiyo linataka chombo chake. Matcha, iliyo unga, huhitaji bakuli na kipigio cha mwanzi, na hiyo ni safari nyingine. Jani la kusokotwa linahitaji mahali pa kujifungua, chujio la kulizuia, na mdomo unaoweza kuyaondoa maji yote mara moja, tone la mwisho likiwemo.

Tone hilo la mwisho ndilo nililochelewa kulielewa. Maji yakibaki ndani ya buli, yanaendelea kuyapika majani, na maji ya pili, yanayomiminwa juu ya majani yaleyale, yatatoka makali. Obaasan alikuwa akigawa kidogokidogo, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi cha tatu, cha pili, cha kwanza, ili pasiwe na mgeni mwenye chai nyepesi na mwingine mwenye nzito. Kisha alilishusha buli kwa mkono kama anayetikisa mwavuli wenye maji, mara tatu, hadi pasitoke kitu. Baada ya hapo alikisogeza kifuniko kidogo pembeni ili mvuke utoke na majani yapumzike. Kwa hiyo hata kifuniko kina kazi mbili: kufunga, na kufunguka kwa wakati wake.

Alipohamia kwa binti yake Shizuoka, niliona aibu kubaki na kile kikombe changu kikubwa. Nikapanda treni kwenda Tokoname.

Tokoname uko kwenye rasi ya Chita, kusini mwa Nagoya, kama nusu saa na kidogo kwa treni. Wengi wanaupita tu wakielekea uwanja wa ndege uliojengwa juu ya bahari mwaka 2005. Washuke. Ni mmoja wa miji sita ya kale ya ufinyanzi nchini Japani, na ufinyanzi bado unaonekana kila unapokanyaga. Kuna mteremko ambao ukuta wake mmoja umejengwa kwa mabomba ya udongo ya zamani na mwingine kwa mitungi ya pombe. Kuna tanuri la mwaka 1887 linalopanda mlima kwa vyumba vinane, na mabomba kumi ya moshi yamepangwa yakitofautiana urefu. Lilizimwa mwaka 1974, lakini matofali yake bado yameng'aa kwa majivu yaliyoyeyuka juu yake. Niliweka kiganja hapo kwa muda mrefu.

Udongo wa mabuli ya huku una chuma nyingi, ndiyo maana ukichomwa unakuwa mwekundu bila kupakwa chochote. Wenyeji husema chuma hiyo hulainisha ukakasi. Nimejaribu chai ileile kwenye buli la kaure na kwenye langu, na ulimi wangu unawaunga mkono wenyeji, ingawa tofauti ni ndogo. Ng'ambo ya ghuba, Yokkaichi katika mkoa wa Mie, wana udongo wao unaotoka tanurini ukiwa zambarau iliyofifia. Ni mzuri pia. Mimi niliupenda wekundu.

Mfinyanzi niliyemkuta alikuwa mzee wa maneno machache. Alinionyesha kwamba kyusu ni vyombo vitano: tumbo, mdomo, mpini, chujio na kifuniko, kila kimoja kinatengenezwa peke yake, kisha vinne vinaunganishwa udongo ukiwa haujakauka. Chujio lilinishangaza zaidi. Ni kibonge chembamba cha udongo kilichotobolewa matundu madogo kwa mamia, kikabandikwa kwa ndani pale mdomo unapoanzia. Kama majani yako ni ya fukamushi, yaani yaliyopigwa mvuke kwa muda mara mbili au tatu ya ule wa kawaida hadi yakavunjikavunjika, unataka matundu madogo zaidi, la sivyo yanaziba. Chai hiyo ni ya fahari sana uwanda wa Makinohara, kule kwao Obaasan, ambako samurai waliopoteza ajira baada ya utawala wa ukoo wa Tokugawa kuanguka walianza kulima mwaka 1869.

Kisha akajaza maji kwenye buli nililokuwa nimelitazama, akaliinamisha, maji yakatoka kama uzi. Akaweka kidole juu ya kitundu cha kifuniko. Uzi ukakatika papo hapo. Akaondoa kidole, ukarudi. Kifuniko na tumbo, alisema, vinachomwa pamoja na kusagwa kimoja juu ya kingine kwa unga wa kusugulia mpaka hewa haipiti. Nililipa yeni 6,500 bila kuuliza zaidi.

Nyumbani nikaanza kuishi nalo. Halioshwi kwa sabuni kamwe. Maji ya moto na kuachwa wazi likauke yanatosha. Majani nayaweka kwenye kopo la bati lenye vifuniko viwili, maana harufu ya jikoni huyaingia haraka. Natumia gramu tano kwa maji robo lita hivi. Maji nayatoa kwenye birika, nayapitisha chombo kimoja hadi kingine, kila uhamisho ukipunguza nyuzi kumi hivi, kisha nayaacha juu ya majani dakika moja. Kwa maji ya pili, ya moto zaidi, nasubiri sekunde chache tu. Mwezi Mei ndio mwezi wangu. Usiku wa 88 tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwa kalenda ya zamani huangukia tarehe 2 Mei au karibu na hapo, ndipo uchumaji wa kwanza unaposhamiri, na siku chache baadaye hufika kifurushi kutoka Shizuoka. Ukikifungua, chumba chote kinanukia nyasi zilizokatwa asubuhi. Mwaka 2024, mkoa wa Kagoshima ulipoipita Shizuoka kwa wingi wa chai, Obaasan alinipigia simu kunipa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilimwambia ya kwao bado ndiyo ninayoinywa. Akanyamaza kidogo, akaniambia nisisahau kupoza maji.

Jumapili, siku moja baada ya ajali, nililifunga buli kwenye taulo na kurudi Tokoname. Mzee yupo, mgongo umeinama zaidi. Hakuniuliza ilikuwaje. Alileta vifuniko sita vya mabuli mengine akavijaribu kimoja kimoja. Viwili vilizama ndani, vitatu vilikuwa vipana, cha sita kilikaa lakini kilicheza, na alipoweka kidole juu ya kitundu maji yaliendelea kutoka. Alinieleza kwamba udongo hunywea unapokauka na unapochomwa, asilimia kumi au zaidi, kwa hiyo hata akitengeneza kipya hawezi kuahidi. Vilivyokua pamoja ndivyo vinavyofungana.

Nilichagua jingine, yeni 9,800, jekundu pia, tumbo lake limebonyea kidogo. Nilipokuwa nafungasha la zamani, mzee alinigusa mkono. Akalichukua, akalimwagia maji ya moto kutoka kwenye birika lake, akaliacha wazi juu ya meza kati yetu. Mvuke ulipanda mwingi kuliko nilivyowahi kuuona ukitoka humo. Baada ya muda akanipa nilishike. "Yuzamashi," alisema. Chombo cha kupozea maji.

Asubuhi ya leo yote mawili yalikuwa mezani. Maji yametoka kwenye birika yakaingia buli la zamani, yakatulia humo bila jani hata moja, kisha yakapita kwenye yale matundu ya chujio na kuingia buli jipya, mdomo kwa mdomo. Niliyapima: nyuzi 71. Nikafunika.