Cubs ya 2016 bado tunaibishania

Aisee jana wazee wa hapa Chicago wameanza tena stori za Cubs ya 2016, timu yao ya besiboli, na mimi mtu wa kandanda nikajikuta nabishana kuwazidi wao 😂 Yaani timu haijabeba kombe tangu 1908, halafu msimu ule inashinda mechi 103, inafika World Series, yaani fainali ya besiboli, wa kwanza kushinda mechi nne ndo bingwa, na Cleveland wanaongoza 3-1. Hapo wengi tulishakata tamaa. Jamaa wakashinda mbili mfululizo ikawa mechi ya saba, kulekule Cleveland.

Sasa hiyo ndo yenyewe. Iningi ya 8 (yaani kipindi cha nane kati ya tisa) Cubs wako mbele 6-4, mrushaji wao ni Chapman, yule wa mipira ya moto, lakini mkono ushachoka maana kocha alimtumia sana, Rajai Davis wa Cleveland akautandika mpira mpaka ng'ambo ya ukuta, 6-6, baa nzima kimyaaa. Baadae mvua, mechi ikasimama dakika 17, Heyward wa Cubs akawakusanya wenzake akawapa maneno, kurudi tu Zobrist wao akapiga akaleta pointi moja, Montero mwenzake akaongeza, Davis huyohuyo akasababisha moja tena roho zikaruka, ila ikaisha 8-7.

Mzee mmoja anasema mvua ndo ilileta kombe, mi nakataa, Zobrist siku ile angepiga hata kwenye jua kali. Tumebishana hadi wanafunga baa na bili hajalipa mtu 😅 Nyie wa Chicago mlikuwa wapi usiku ule?