Maji mawili ya Songea

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Zamu yangu ya tafakari imenikuta na hasira, heri niseme mapema. Yule dada aliyetoroka na fedha za kikoba chetu amerudi, tena mgonjwa. Jumatatu alimtuma mwanawe tukasali kwake. Nikamwambia mtoto, mvua ikikatika tutakuja. Mvua ilikatika Jumanne. Sikwenda.

Jumatano nilimpeleka mpwa wangu, mgeni kutoka Dodoma, kwenye Makumbusho ya Majimaji hapa Songea. Kijana anajua habari za Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa ya vita: maji yenye mtama, risasi za Mjerumani zitageuka maji. Asilolijua ni yaliyotokea huku kwetu. Vita vya Majimaji vilianzia Umatumbi Julai 1905, watu wakang'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile alinyongwa Agosti, kabla moto haujafika Ungoni. Mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, mabruda wawili na masista wawili waliuawa njiani upande wa Liwale. Kisha Wangoni wakaichoma misheni yao ya Peramiho.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga manduna, yaani majemadari, na wazee wa Kingoni, zaidi ya 60. Kaburi lao la pamoja ni refu. Nduna Songea Mbano ana lake peke yake. Mpwa wangu aliacha simu mfukoni, akasimama tu.

Pale ndipo nilipokumbuka habari ambayo wazee wetu wa kanisa huisimulia. Kabla ya kamba, padri wa Kibenediktini aliingia gerezani akawafundisha, na wengi wao wakabatizwa. Misheni ilikuwa majivu, askofu kaburini, naye amebeba maji kwenda kwa watu wa upande uleule uliochoma.

Najua wapo wanaosema ile ilikuwa dini ya mwenye kamba, kwamba heri angeipigania roho yao na shingo yao pia. Sina hoja ya kuwapinga, maana Wajerumani hawakuishia kwenye kamba: walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Lakini padri yule aliingia. Mimi nimeshindwa kuvuka mfereji mmoja wa barabara.

Ndugu zangu, hivi tunasali nini kila jioni? “Utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea.” Tunaisema haraka, vidole vimeshaikimbilia punje inayofuata ya rozari! Yule mwizi msalabani hakuambiwa arudishe kwanza alichoiba. Aliambiwa, “Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Leo, wala si mvua ikikatika. Nanyi mlioniambia “mwache aonje”, mnaojijua: mlikuwa mnanifariji, nami nilifurahi kufarijiwa, na wote tulikuwa tunamfunga mgonjwa mlango. Fedha zile zinauma, yangu ilikuwa ada ya mtoto. Itadaiwa kwa utaratibu wake, mbele ya mwenyekiti, akishapona.

Jana jioni nilikwenda peke yangu. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Nilipobisha hodi hakuitikia karibu. Alijifunika khanga usoni. Tulikaa hivyo muda mrefu, kisha akauliza kama sufuria yangu kubwa bado ninayo.

Jumamosi jumuiya inasalia kwake, saa kumi. Mimi naleta kilo mbili za sukari, wa zamu aje na kitabu cha nyimbo. Daftari la kikoba libaki nyumbani.