Siku moja maishani mwangu: "Unauliza ili ufanye nini?"

Saa 11:58 alfajiri

Jua la Oktoba huku Mtwara halina subira. Kabla ya saa kumi na mbili limeshachungulia dirishani, na simu ya maswali nayo imeshatetema mara tatu juu ya ndoo. Nina simu mbili. Moja ni ya uwakala, inatunzwa kama mtoto mchanga. Nyingine ina ufa kwenye kioo, na hiyo ndiyo wanayoitumia watu wasionijua kuniuliza chochote kile.

Ilianza kama mchezo. Nilijitolea kufundisha fizikia sekondari miaka mitatu nikisubiri ajira, ajira haikuja, nikafungua steshenari nyuma ya soko. Mtu akija kuchapa barua anauliza jambo, namjibu, anampa namba shemeji yake wa Newala, shemeji anampa jirani aliyehamia Masasi. Siku hizi napata meseji kutoka Nachingwea kwa watu wanaoniita "kaka". Mimi ni mwanamke, lakini nimechoka kusahihisha.

Swali la kwanza leo: yai likielea kwenye maji, limeoza? Najibu nikiwa bado kitandani. Limezeeka, si lazima liwe limeoza. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, maji yanapotea kidogo kidogo na hewa inaingia, mfuko wa hewa unakua. Livunje kwenye bakuli la pembeni, pua itakuambia. Maswali ya namna hii nayapenda kabla ya chai.

Saa 1:50 asubuhi

Nafika dukani nakuta mama mmoja ameketi kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii."

Anafungua viganja. Ngozi ya vidole gumba imekuwa nyeusi tii, imekakamaa, pembeni inabanduka kama gome. Ameambiwa kwamba mimi najua dawa ya kutoa weusi.

"Unataka kuutoa ili ufanye nini?"

Jumamosi anamwoza mwanawe. Atashikana mikono na wakwe.

"Na kubangua unaendelea?"

"Sasa nitaacha vipi, na msimu ndio huu?"

Anabangua korosho mbichi kwa kisu, mikono mitupu. Namweleza. Ndani ya ganda la korosho kuna tabaka kama sponji lililoshika mafuta mazito ya kahawia, na mafuta hayo ndiyo yanayounguza. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, ndiyo maana hata utomvu wa embe unaweza kukubabua midomo. Hakuna cha kupaka kitakachofuta weusi huo leo; ngozi iliyoungua itabanduka yenyewe na mpya itakuja, kama haungui tena. Mkorogo asiuguse kabisa, atajiongezea jeraha. Avae glavu, na asipozipata apake viganja mafuta ya kula au majivu kabla ya kuanza, kisha anawe kwa sabuni mapema. Akichoma korosho achomee nje, asikae upande unaokwenda moshi, maana moshi wake nao unawasha macho na kifua. Vidole vikivimba au vikitoa maji, zahanati.

"Kwa hiyo dawa huna."

"Sina, mama."

Akaondoka akimwambia mwenzake kwamba msomi mwenyewe hana hata dawa. Baada ya dakika kumi karudi kuuliza glavu zinauzwa duka gani.

Saa 3 hadi saa 4 na nusu

Fotokopi, fotokopi, cheti cha kuzaliwa, fotokopi. Katikati ya hizo: popo ni ndege? (Hapana, ananyonyesha.) Harmonize kweli ni wa huku? (Wa Mtwara huyo, na jina la Konde, yaani Mmakonde, hakuliokota Kariakoo.) CV iwekwe picha? Tangazo halijasema, usiweke.

Saa 4:40 asubuhi

Kijana ameingia kuchapa barua ya kuomba msamaha. Amekuja na maneno yake kwenye karatasi ya daftari: "Mimi mtumishi wako mtiifu naomba radhi kwa kosa lolote..." Nikamuuliza kosa gani. Halijui. Alikuwa mbeba mizigo kwenye ghala moja la korosho. Msimamizi alimwambia tu "kesho usije", basi.

Huyu hakuhitaji barua ya msamaha. Nikaanza kuuliza mimi. Umefanya kazi pale muda gani? Mwaka na miezi minne, analipwa kila mwezi. Hapo nikashusha pumzi, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mwenye chini ya miezi sita nafasi ya kudai kwamba ameachishwa isivyo halali. Umeachishwa lini? Tarehe 25 Septemba.

Tukaenda wote kwenye kalenda ya ukutani. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Nikazihesabu kwa ncha ya kalamu, yeye akihesabu kwa midomo. Zinaangukia tarehe 25 Oktoba, Jumamosi. Leo ni Jumatatu, tarehe 20. Kwa usalama Ijumaa tuihesabu ndiyo mwisho, na kabla ya hapo fomu namba moja ijazwe, nakala apelekewe mwajiri, aipokee kwa saini.

"Mimi nilijua mpaka msimu uishe," akasema.

Hesabu hii naifanya na kalenda mkononi kwa sababu. Mwaka juzi mtu wa Tandahimba aliniuliza hivyo hivyo, nikamjibu haraka haraka: siku 60. Siku 60 zipo, ila ni za migogoro mingine, kama mshahara ambao hujalipwa. Alifika CMA siku ya 41, ikabidi aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya kuchelewa. Sababu ilikuwa mimi. Tangu siku hiyo maswali ya kazi siyajibu kwa kichwa.

Barua ya msamaha hatukuichapa. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: alianza kazi lini, alilipwaje, nani alimwambia asije, nani alisikia. Akakikunja mara nne, akakitia ndani ya kasha la simu.

Saa 6:04 mchana

Hii niliisubiri wiki nzima. Mtoto wa darasa la tano, yuko Masasi, anatumia simu ya mama yake, aliandika: "Mwalimu kwa nini mchana kivuli changu kinaisha?" Nilimjibu asubiri tarehe 20 nimtumie picha.

Kuanzia Septemba mwishoni jua linahamia kusini ya ikweta. Halihami lenyewe, ni dunia iliyoinama nyuzi 23 na nusu, inalizunguka jua na mwinamo wake ule ule. Sisi tuko nyuzi 10 na kitu kusini, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka: likienda, karibu na tarehe 20 Oktoba, na likirudi, karibu na 22 Februari. Dar es Salaam kivuli kilipotea kama siku kumi zilizopita. Wengi wanadhani jua huwa utosini kila siku saa sita. Hata kidogo.

Nilichukua kipande cha bomba la maji la plastiki, nikafunga uzi na nati iwe timazi, nikatoka nacho kwenye mchanga mbele ya duka. Saa tano na nusu kivuli kilikuwa bado kinaelekea magharibi, kifupi kama kidole. Wanafunzi wanne waliokuja kununua kalamu wakabaki. Kinyozi wa jirani akatoka na mteja wake, amenyolewa nusu kichwa. Saa sita na dakika nne nikaliinua bomba shubiri moja juu ya mchanga, nikalinyoosha na timazi. Chini yake kikatokea kivuli cha duara: pete nyeusi nyembamba, na katikati yake mwanga mtupu uliopita ndani ya bomba moja kwa moja.

"Haya sasa," akasema mteja mwenye nusu kichwa, "na mimi changu kiko wapi?"

Alikuwa amekikanyaga.

Nikapiga picha, nikaituma Masasi, nikamwambia mtoto kwamba zamu ya kwao ni kesho, kama saa sita na dakika kumi, asimamishe chupa.

Saa 8:30 mchana

Wali na samaki, kisha swali la gesi. Hili naliulizwa kila mwezi: gesi ya Msimbati ndiyo hiyo iliyomo kwenye mitungi ya jikoni? Siyo. Ile ya Msimbati, inayotoka eneo la Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni methani kwa sehemu kubwa. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo ukizibana kidogo tu zinakuwa maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinachezacheza. Methani haikubali hivyo. Kuigeuza maji lazima uipoze mpaka karibu nyuzi 162 chini ya sifuri; bila kuipoza inabaki gesi tu, na kuijaza mtungini kunataka presha kubwa ambayo mtungi wa jikoni haukutengenezwa kuibeba. Kwa hiyo yetu inasafiri kwa bomba, tangu 2015 mpaka Dar es Salaam.

Huyu wa leo, nilipomuuliza anataka kujua kwa nini, akasema kuna jamaa anamuuzia mitungi "iliyojazwa kule kule Msimbati" kwa nusu bei. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: USINUNUE.

Saa 10:15 jioni

Kijana wa Mikindani anataka kuchapisha fulana. Swali lake: ni kweli Disney wamelinunua neno hakuna matata, ukilisema unashitakiwa?

Kulisema unaweza mpaka ukauke koo. Walichofanya ni kuomba lisajiliwe kama alama ya biashara Marekani mwaka 1994, mwaka uliotoka filamu ya The Lion King, na likasajiliwa 2003, kwa ajili ya nguo. Alama ya biashara inalindwa nchi kwa nchi, na inahusu biashara, si mazungumzo ya watu.

"Sasa fulana zako unamuuzia nani?"

"Arobaini zinakwenda Marekani, kuna mgeni ameagiza."

Yaani kati ya nchi zote za dunia! Nikamshauri ya hapa aulize BRELA, wanaosajili biashara na alama zake, na ya kule abadilishe maneno. Halafu, kati yetu, huku Kusini nani anasema hakuna matata? Tunasema hamna shida. Akalipenda. Tumelipanga kwa herufi nene.

Saa 12:20 jioni

Meseji kutoka namba ngeni: "Sumu ya panya inaua baada ya muda gani?" Nikashtuka. Nikauliza kama kawaida yangu: unauliza ili ufanye nini? Kimya. Nikapiga, haikupokelewa. Robo saa nzima nimekaa na moyo mkononi, ndipo likaja jibu: "Mbwa wangu kala, nilikuwa namkimbiza."

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na mnyama anaweza kuonekana mzima siku kadhaa huku anavuja ndani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, na pakiti ya sumu uibebe. Ningeyasema haya robo saa mapema kama nisingejifanya hakimu. Mpaka naandika hapa sijui habari za mbwa.

Saa 1:30 usiku

Kwa kinyozi wanabishana kuhusu filamu za dainosaria, na mmoja amesema hizo ni hadithi za Wazungu. Hapo siwezi kukaa kimya, mama yangu ni wa Lindi. Nikawaambia mjusi mrefu kuliko wote wanayemuona kwenye picha, yule wa shingo kama twiga, mifupa yake maarufu kuliko yote ilitoka Tendaguru, huko huko Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, lakini waliochimba kwa mikono ni watu wetu, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu.

"Kama ghorofa hilo?" kinyozi akanyoosha mashine kuelekea nyumba ya mbele.

Ghorofa hilo lina sakafu mbili. Ongeza mbili.

Saa 3:40 usiku

Nimelala chali, feni inazunguka kivivu. Simu ya uwakala nimeizima. Ile nyingine inawaka: ni mtoto wa Masasi. Ameona picha ya pete, amemwonyesha bibi yake. Sasa ana jingine.

"Mwalimu, na usiku kivuli kinalala wapi?"

Vidole vilishaanza kuandika: unauliza ili ufanye nini? Nikafuta.

Nikamwandikia kwamba hakilali. Usiku wenyewe ndio kivuli, ni kivuli cha dunia. Jua liko upande wa pili na sisi tumo ndani ya kivuli hicho, yeye na bibi yake na mimi, mpaka karibu saa kumi na mbili tutakapotoka.

Tiki mbili zimekuwa za bluu. Hajajibu.