Harufu ya petroli ilivyonitoa jasho

Kila nikijaza mafuta, gari langu la michezo lilinuka petroli hadi sebuleni. Fundi mmoja wa Industrial Area, Nairobi, aliapa ni kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Wapi! Mafuta yakibaki nusu tangi, harufu haipo. Basi tundu liko juu ya tangi.

Nilichomoa betri, nikanyonya mafuta, nikashusha matangi yake yote mawili ya mafuta uani, mbali na jiko la jirani. La kulia zima. La kushoto, nilipobandua sponji iliyobandikwa mgongoni mwake, ilichuruzika maji kama tambara la deki. Chini yake kutu, na vitundu vitatu vya sindano.

Wa kuchomelea alilisuuza, akalijaza maji hadi karibu na vitundu ndipo akawasha moto. Mpira wa kuunganisha matangi nilinunua Kirinyaga Road. Sponji sikuirudisha.