Babu alisema yupo

Jumamosi usiku, Mwakaleli.

Mapaja yanawaka moto na bibi amenikataza kugusa vyombo, kwa hiyo nimesogea jikoni kwenye mafiga niandike kabla usingizi haujanichukua. Leo nimetoka Isongole mpaka huku kwa baiskeli, kwa kuambaa na msitu wa Mlima Rungwe, mkoani Mbeya. Kuna jambo limetokea njiani, na nataka niliandike likiwa bado moto.

Asubuhi nilipanda Coaster pale Uyole, konda akaifunga baiskeli juu ya keria kwa kamba za mpira. Uporoto ningeweza kuupanda kwa pedeli, nimeshaupanda mara mbili, lakini ile lami ni ya malori ya Kasumulu, mpakani na Malawi, na sipendi kupigwa honi kisogoni kila baada ya dakika mbili. Isongole nilishuka saa mbili. Baridi ya Juni mnaijua. Kina mama wamejifunga vitenge viwili viwili, wanapanga viazi kwenye magunia, na kila anayefungua mdomo anatoa moshi.

Wengi huniuliza kuhusu baiskeli yangu, na pale stendi vijana waliizunguka vilevile. Usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, kama za mbio, ila tairi ni pana, milimita 40, zenye vijino vifupi vifupi. Imetengenezwa kwa ajili ya changarawe. Ukitoka kwenye barabara kuu tatu nne za huku kwetu, kinachobaki ni changarawe, vumbi na tope, kwa hiyo nilipoiona kwenye mtumba sikujiuliza mara mbili. Nililipia kidogo kidogo kwa miezi saba. Mwenyeji wangu, kaka mmoja anayeongoza wageni msituni, alinikuta na Phoenix yake ya chuma, keria la nyuma limesukwa kwa nondo za kubebea madumu ya maziwa. Akaibonyeza tairi yangu kwa kidole gumba, akasema, "Dada, upepo mdogo huu." Nikamweleza kwamba nimeupunguza makusudi, tairi ikiwa laini kidogo inashika njia na haikurushi kwenye mawe. Akatikisa kichwa tu.

Msituni huingii hivihivi. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, iko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, unalipia na unaongozana na mtu anayepajua. Tulipita kwanza kwenye viazi, kisha pareto, kisha miparachichi michanga ambayo siku hizi imejaa kila mahali, ndipo miti ikaanza kutukaribia pande zote mbili. Nilichokitambua kwanza ni sauti ya tairi. Kwenye changarawe tairi inasaga, krrrr, mpaka masikio yanazoea. Ukiingia chini ya miti, majani yaliyooza yanaimeza ile sauti, na ghafla unasikia cheni yako, pumzi yako, na maji yanayotiririka mahali usipopaona. Upande wa kusini wa mlima huu mvua hufika milimita 3,000 kwa mwaka. Hata leo, jua likiwa kali huko nje, mashina yalikuwa yanatiririka na matawi yamefuga ndevu za kijani hadi kwenye ncha.

Nilikuwa namfikiria babu. Nisingeweza kupita pale bila kumfikiria.

Babu alikuwa mpasuaji mbao. Alikaa msituni wiki nzima nzima na wenzake, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni, msumeno katikati. Akirudi alikuwa na hadithi, na mimi nilikuwa mteja wake mkubwa. Kulikuwa na mbega, kulikuwa na minde, yule swala wa msituni, na kulikuwa na kipunji. Kipunji, alisema, ni kima mkubwa wa kahawia, uso mweusi, mkia umefifia kuwa mweupe kwenye ncha, na nywele za utosini zimesimama kama za mtoto aliyeamshwa usingizini. Hashuki chini ovyo. Halafu alikusanya viganja mdomoni akatoa mlio wake, honi na kubweka kwa pamoja, na sisi wajukuu tukakimbilia nyuma ya mlango.

Nikiwa darasa la tano nilirudi na kitabu cha shule chenye picha za nyani, ngedere, mbega na sokwe. Nikakipekua chote. Nikamwendea babu akinoa msumeno, nikamwambia, "Babu, kipunji kitabuni hayupo." Nilisema kwa kujiamini, kama mwalimu. Hakunibishia. Aliendelea kupitisha tupa kwenye meno ya msumeno, moja baada ya jingine. Ila toka siku ile hakunihadithia tena habari za msitu. Akawa ananiuliza habari za shule.

Alifariki 2002.

Mwaka uliofuata, 2003, watafiti wa shirika la uhifadhi la Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport walikuwa wakizungumza na wawindaji wa huku Rungwe, wakaanza kusikia habari za kipunji. Hata wao mwanzoni hawakuwa na hakika, maana simulizi zetu Wanyakyusa zina wanyama wa kweli na wa kufikirika, na ni vigumu kwa mgeni kujua yupi ni yupi. Kisha wakamwona kwa macho. Mwaka 2004 watafiti wengine nao wakamwona kima huyohuyo mbali kabisa, kwenye msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la kisayansi la Science, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Sisi tulisoma gazetini, nikiwa sekondari. Nilimaliza ile habari nikaikunja, nikaenda kukaa nyuma ya bweni. Sikumwambia mtu kwa nini nalia.

Baada ya hapo nimeingia Rungwe kwa miguu mara tatu nikimtafuta. Sijawahi kumwona wala kumsikia. Si ajabu, kwenye hesabu iliyochapishwa 2008 hawakuzidi sana 1,100 kwa Rungwe, Livingstone na Ndundulu kwa pamoja, na miti yao imeliwa na misumeno kwa miaka mingi. Ukiwemo wa babu yangu, hilo silifichi.

Basi. Tukiwa tunashuka kwenye njia ya zamani ya mbao nilisikia "pss, pss, pss" nyuma. Pancha. Tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoboka matundu mawili yanayoangaliana. Mwenyeji wangu hakusema kitu kuhusu upepo, namshukuru kwa hilo. Aliegemeza Phoenix yake kwenye mti, akachomoa gurudumu langu, tukasogea kwenye kidimbwi pembeni ya njia.

Nilizamisha tyubu. Mapovu yakaja, mahali pawili. Nilipoitoa niliona kokoto za rangi ya maziwa zinaelea juu ya maji. Mawe, yanaelea. Nikaokota moja, lina vitundu vitundu kama mkate, jepesi kuliko punje ya hindi. Ni povu la volkano hilo, mlima ulilitema miaka kama 4,000 iliyopita, na bado liko njiani linasagwa na baiskeli. Nikakausha tyubu kwa kanga, nikaisugua kwa msasa, nikapaka solusheni. Solusheni haitaki haraka. Unaipaka, unasubiri ikauke iwe kama ngozi, ndipo unabandika kiraka. Tulikaa kimya, yeye amechuchumaa, mimi nimeshika tyubu kama mtoto mchanga.

Ndipo akalia.

Mlio ulitoka bondeni, upande wa kushoto, mzito. Honi, na ndani ya honi mbweko. Ukakatika. Ukarudi mara ya pili, na mwingine akajibu kutoka juu zaidi. Mwenyeji wangu akaninyooshea kidole, nisiongee. Matawi yalitikisika mbali kidogo, ukungu ukiwa katikati yetu. Sikuona mkia, sikuona nywele za utosini. Nilitetemeka mikono mpaka solusheni ikanidondokea gotini.

Aliponiuliza kama naumwa nilimweleza habari ya kitabu cha darasa la tano. Alisikiliza mpaka mwisho. "Hata baba yangu alikuwa anamjua," akasema. "Hakuna aliyemuuliza mpaka wazungu walipokuja." Akabandika kiraka mwenyewe, akakigongagonga kwa mpini wa bisibisi, akajaza upepo mpaka tairi ikawa ngumu kama jiwe. Nikamwacha ajaze.

Tuliagana msitu ulipoishia. Ndaga fijo, asante sana, kaka yangu. Kutoka pale ni mteremko, chai pande zote, breki zinanuka, na mimi sikuwa naona vizuri kwa machozi na upepo.

Bibi nimemkuta anamenya ndizi. Hata sikusalimia vizuri.

"Bibi, nimemsikia kipunji."

Kisu kikasimama. "Analiaje?"

Nikakusanya viganja mdomoni, nikajaribu.

"Siyo. Umeanzia juu, mjukuu wangu. Babu yako alikuwa anaanzia huku." Akajigusa kifua, akaweka kisu juu ya maganda, akafuta mikono kwenye kitenge, akakusanya viganja. Sikujua kwamba anauweza. Miaka yote hii alikuwa nao.

Nje mbwa akainuka, akabweka.