Dodoki limeshinda: kunasa sauti ya ndege wa mvua Tabora

Hatimaye rekodi imetoka safi: kekeo kifua-chekundu anaita zile noti zake 3 zinazoshuka, mvua inanyesha juu ya kinasa sauti, na bado anasikika. Kwenye miombo ya Tabora huu ni mlio wa Novemba mvua zinapoanza, kwa hiyo kinasa kinachoshindwa na mvua ni kazi bure.

Mipangilio ya AudioMoth, kinasa sauti chetu kidogo, ni hii: sampuli 48,000 kwa sekunde, saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Hiyo ni takriban GB 1 kwa siku. Kadi ya GB 32 inakaa karibu mwezi.

Kilichotutoa jasho ni matone. Tone likigonga kifuniko cha plastiki, to!, mlio wake ni mfupi mno kiasi kwamba unatapakaa kwenye masafa yote ya sauti, nzito hadi nyembamba. Kichujio cha Audacity, programu ya kuhariri sauti, hakifui dafu hapo. Ukikata tone, na ndege anaenda nalo. Ukishusha geini (kiwango cha kukuza sauti), sauti haipasuki tena, lakini to! iko palepale. Paa la bati ndiyo kabisa, ngoma tupu. Kipande cha godoro kilinyamazisha manyunyu ya mwanzo, kikalowa chepechepe, kisha kikaanza kuchuruzisha maji mbele ya maikrofoni.

Dawa ni dodoki la kuogea, lile la sokoni. Lipasue kwa urefu, kung'uta mbegu, liloweke mpaka lilainike, litandaze juu ya kipande cha plastiki kilichoinamishwa kuelekea nyuma ya maikrofoni. Lifunge kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kipaa hicho kisiguse kasha: acha upana wa vidole 3. Nyuzi hulivunja tone, na maji hupita bila kutuama. Likianza kuoza weka jingine, bei yake si ya kuumiza kichwa.

Na usiache tundu wazi kwenye boksi. Nyuki wa Tabora hawasubiri mwaliko.

BirdNET, programu inayotambua ndege kwa sauti zao, inafaa kwa kuchambua, si kwa kuhukumu. Inakata sauti vipande vya sekunde 3, na nyenze wakipamba moto hutaja ndege wa ajabuajabu. Tazama spektrogramu (mchoro wa sauti), kisha sikiliza mwenyewe.

Tulikuwa tumepanga kuongeza maikrofoni ya pili, lakini tumeiweka kando. Kuna jambo tamu zaidi: Phylloscopus trochilus, yule ndege mdogo wa kijani-njano kutoka Ulaya, huanza kuimba hukuhuku kabla ya kurudi kwao majira ya kuchipua. Kinasa kinahamia kwenye migunga kuanzia Februari, na dodoki lake juu, maana mvua itakuwa bado ipo.