Kijiko kilicholika upande mmoja

Nimerudi mnadani hapa Birmingham sasa hivi, hata koti sijavua.

Nilifuata birika la chai. Likanipita mbali, wenye pesa zao wakalichukua.

Kisha kikaja kijiko cha fedha, kipweke, hakuna anayekitaka. Nikanyanyua kibao changu. Nyundo ikagonga kwa pauni 40.

(Wageni wa minada, jihadharini: kuna ada ya asilimia 25, na VAT juu ya ada. Nimelipa 52!)

Mgongoni kina mihuri midogo kama punje za mtama. Simba anayetembea: fedha halali, sehemu 925 kwa 1000. Nanga: kilipimwa Birmingham, mji usio na hata bahari. Kichwa cha mfalme: ushuru ulilipwa, na muhuri huo ulikoma 1890.

Ila kilichoninasa ni ncha yake. Imelika upande wa kushoto tu.

Mtu wa mkono wa kulia amekwangua bakuli kwa kijiko hiki, mlo baada ya mlo, hadi fedha ikaisha.

Kwenye basi nimekuwa nikiipapasa kwa kidole gumba.

Nanyi je, nyumbani kuna chombo gani kilicholika hivi? Wekeni picha tuone.